Namna ya Kusoma Kiingereza cha Miaka ya 1500 hadi 1700

Mtu anayefungua kwa mara ya kwanza ukurasa wa Kiingereza uliopigwa chapa mwaka 1580 au 1611 huogopa zaidi maneno asiyoyajua, ilhali hayo ndiyo yenye madhara madogo. Neno geni humlazimisha msomaji kutua na kufungua kamusi, naye akishaipata maana yake huendelea salama. Linalompoteza ni neno analodhani analijua. Akikuta “let” huona ruhusa, kumbe mwandishi anazungumzia kizuizi. Akikuta “silly” huona upumbavu, kumbe anayesimuliwa ni mnyonge asiye na kinga. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayejua Kiingereza cha leo kwa kiasi cha kutosha na anayetaka kukisoma kile cha zamani katika maandishi yake yenyewe, bila kutegemea muhtasari wa mtu mwingine.

Kipindi ninachokizungumzia huhesabiwa na wanaisimu kuanzia mwishoni mwa karne ya 15 hadi karibu mwaka 1700, nami nitakiita Kiingereza cha mwanzo wa usasa. Si Kiingereza cha mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, wala si kile cha kale kabisa ambacho Mwingereza wa leo hawezi kukisoma bila kufundishwa kama lugha ya kigeni. Kiko karibu nasi, na ukaribu huo ndio unaotaka uangalifu.

Anza na tarehe na toleo

Kabla ya kusoma mstari wa kwanza, tafuta mambo mawili: matini iliandikwa lini, na toleo ulilonalo limebadilishwa kiasi gani. Matoleo mengi ya tamthilia za Shakespeare yanayouzwa leo yameandikwa kwa tahajia ya sasa, na alama zake za uakifishaji zimewekwa na wahariri waliokuja baadaye sana. Matoleo hayo yanafaa kwa kufuata hadithi. Kwa anayetaka kujua historia ya lugha yenyewe hayatoshi, maana sehemu kubwa ya ushahidi imekwisha kufutwa kabla hajaufikia. Tafuta nakala yenye tahajia ya awali. Maandishi ya zaidi ya vitabu 25,000 vya kipindi hiki yaliachwa huru kwa umma mwaka 2015 kupitia mradi wa vitabu vya kale vya Kiingereza kwenye mtandao, na yanasomwa bila malipo.

Kuhusu tarehe, kuna mtego unaowanasa hata watafiti wazoefu. Uingereza ilihesabu mwaka mpya wa kisheria kuanzia tarehe 25 Machi, na desturi hiyo haikukoma hadi mwaka 1752. Barua yenye tarehe ya Februari 1602 huenda basi iliandikwa katika mwezi ambao sisi tungeuita Februari 1603. Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa tarehe 30 Januari ya mwaka ambao kwa hesabu yetu ni 1649, lakini watu waliolishuhudia tukio hilo waliandika 1648. Unapolinganisha maandishi mawili ili kujua neno lipi lilitangulia, kosa la mwaka mmoja linaweza kupindua hoja nzima.

Zoeza jicho kwa herufi

Hatua hii ni nyepesi na humalizika kwa siku mbili au tatu za mazoezi. Herufi u na v zilihesabiwa kuwa herufi moja yenye maumbo mawili: v iliwekwa mwanzoni mwa neno na u katikati, hata kama sauti ilikuwa kinyume. Ndiyo maana utakuta “vpon” badala ya “upon”, na “loue” badala ya “love”. Vivyo hivyo i ilifanya kazi ya j, hivyo “iustice” ni “justice” na “ioy” ni “joy”. Herufi s ilikuwa na umbo refu linalofanana na f isiyokuwa na mstari kamili katikati, nalo lilitumika mwanzoni na katikati ya neno, wala si mwishoni. Kistari kilichowekwa juu ya irabu humaanisha kuwa n au m imeachwa ili kuokoa nafasi. Tena, “ye” yenye e ndogo iliyopandishwa juu haihusiani na kiwakilishi cha nafsi ya pili; y hapo inasimama badala ya herufi ya kale ya sauti “th”, na neno lenyewe ni “the” tu, litamkwe hivyohivyo.

Tahajia nayo haikuwa imetulia. Neno moja linaweza kuandikwa kwa namna tatu katika ukurasa mmoja, na jambo hilo halionyeshi kuwa mwandishi alikuwa mjinga. Hapakuwa na mamlaka ya kumsahihisha. William Caxton alileta mtambo wa kupiga chapa Westminster, karibu na London, mwaka 1476 baada ya kuishi miaka mingi katika nchi za Flanders na jirani zake, na katika dibaji aliyoiandika mwaka 1490 alisimulia kisa cha wafanyabiashara waliosimama karibu na mto Thames, wakaomba mayai kwa mama mmoja. Mmoja wao aliyaita “egges”, na mama yule akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mwingine akasema kwamba wanataka “eyren”, ndipo akaelewa. Maneno yote mawili yalikuwa ya Kiingereza, moja likitumika kaskazini na jingine kusini, na Caxton akajiuliza mpiga chapa aandike lipi. Naona hakuna kisa kifupi kinachoonyesha vizuri zaidi hali ya lugha hiyo mwanzoni mwa safari yake: matbaa ilihitaji lugha moja ya kuuzia vitabu nchi nzima wakati ambapo lugha hiyo moja ilikuwa haijapatikana.

Wasomi nao waliongeza utata wao. Neno “dette”, lililotoka Kifaransa na kutamkwa bila b, waliliandika “debt” ili lifanane na babu yake wa Kilatini; “doute” likawa “doubt” kwa sababu hiyohiyo. “Iland”, neno la Kiingereza halisi, lilitiwa s kwa kufananishwa na “isle” ambalo si ndugu yake. Kila unapokutana na herufi isiyotamkwa, jiuliza kama ni sauti iliyokufa au ni pambo la wasomi, kwa kuwa zote mbili zipo.

Soma kwa sauti, na utumie irabu zako

Hapa msomaji wa Kiswahili ana akiba ambayo Mwingereza hana. Irabu tano za Kiswahili zinasimama karibu na thamani ambazo herufi hizo zilikuwa nazo katika Kiingereza cha karne ya 14. Mtoto anayejifunza Kiingereza akasoma “name” kama na-me, na “time” kama ti-me, husahihishwa haraka, lakini matamshi yake yako karibu na ya Chaucer kuliko ya mwalimu wake. Neno “moon” lilitamkwa kwa oo ya “jogoo”, na “feet” kwa ee ya “mzee”. Waliochagua herufi hizo waliandika walichokisikia.

Kisha sauti zikahama. Kati ya takriban mwaka 1400 na 1700 irabu ndefu za Kiingereza zilipanda moja baada ya nyingine mdomoni: aa ikasogea kuelekea ee, ee ikawa ii, oo ikawa uu, na zile ambazo tayari zilikuwa juu kabisa, ii na uu, zikakosa pa kupanda zikavunjika kuwa irabu unganifu, yaani irabu mbili ndani ya silabi moja, ndipo “time” na “house” zikapata sauti tunazozisikia leo. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, ndiye aliyeyapa mabadiliko hayo jina la Uhamaji Mkuu wa Irabu. Balaa la tahajia ya Kiingereza linaanzia hapo, kwa sababu wapiga chapa walikuwa wakigandisha maandishi katika karne zilezile ambazo matamshi yalikuwa mwendoni. John Hart alilalamika kuhusu pengo hilo katika kitabu chake cha 1569 na kupendekeza tahajia mpya inayofuata sauti. Hakusikilizwa.

Kwa matini ya karibu mwaka 1600, fanya hivi. Tamka kila r popote inapoandikwa, kama unavyofanya katika Kiswahili, maana r za mwisho wa silabi zilikuwa bado hazijafifia. Tamka k ya “knight” na “know”, ambayo ilipotea baadaye katika karne ya 17. Herufi “ea” katika maneno kama “sea” na “meat” zisome karibu na ee ya “mzee”. Hata mwaka 1714 mshairi Alexander Pope aliweza kulipatanisha “tea” kwa kina na “obey”. Mwisho wa “-ed” katika ushairi usome kama silabi kamili pale mizani inapodai, na uuache pale mpiga chapa alipoandika “lov’d” kwa makusudi ya kukuonyesha kwamba silabi imemezwa. Aliyelelewa na ushairi wenye vina na mizani atagundua haraka kwamba vina vinavyoonekana kuharibika machoni vilikuwa vizima masikioni.

Weka sarufi ya Kiswahili kando ya ukurasa

Kiingereza cha leo kina “you” moja kwa mtu mmoja na kwa wengi. Kile cha mwanzo wa usasa kilikuwa na “thou” na “thee” kwa mmoja, “ye” na “you” kwa wengi, na Kiswahili kimehifadhi tofauti hiyohiyo katika wewe na ninyi. Chukua Yohana 3:7 katika tafsiri ya Kiingereza ya 1611, iitwayo ya Mfalme James. Yesu anamwambia Nikodemo, “Marvel not that I said unto thee, Ye must be born again.” Msomaji wa Kiingereza cha sasa hupitia hapo bila kuona chochote. Anayesoma Biblia ya Kiswahili ya Union anaona mara moja: “Usistaajabu kwa kuwa nilikuambia, Hamna budi kuzaliwa mara ya pili.” Neno limesemwa kwa mtu mmoja, lakini sharti limewekwa kwa watu wote. Ninapendekeza kwa moyo mmoja kwamba uwe na tafsiri ya Kiswahili kando yako kila unaposoma Biblia hiyo ya 1611, kwa sababu viambishi vyetu vya nafsi vinakuonyesha kilichofichika.

Hata hivyo usiishie kwenye idadi. Tangu Zama za Kati, kwa kufuata desturi ya Kifaransa, mtu mmoja mwenye cheo aliitwa “you” kwa heshima, na “thou” ikabaki kwa mtoto, mtumishi, mpenzi, rafiki wa karibu, au adui anayedharauliwa. Wengi leo hudhani kuwa “thou” ni neno la heshima kuu kwa vile wanalisikia katika sala. Mungu aliitwa “thou” kwa ukaribu, na kwa sababu ni mmoja. Wakati wa kesi ya uhaini ya Walter Raleigh huko Winchester mwaka 1603, mwanasheria mkuu Edward Coke alimtupia mshtakiwa “thou” kwa makusudi ya kumdhalilisha. Kuanzia katikati ya karne hiyo Waquaker, kundi la Kikristo la Uingereza, walikataa kumwita mtu mmoja “you”, awe tajiri au hakimu, wakiamini kwamba watu wote ni sawa mbele ya Mungu, na msimamo huo uliwaletea matusi na hata kipigo. Kwa hiyo, katika tamthilia, weka alama kila mahali ambapo mzungumzaji anahama kutoka “you” kwenda “thou” ndani ya mazungumzo yaleyale. Aghalabu pana hasira au penzi lililozuka hapo.

Kuhusu vitenzi, “-eth” ya “maketh” na “-s” ya “makes” zina maana moja. Ya kwanza ilikuwa ya kusini, ya pili ilishuka kutoka kaskazini, na kufikia miaka ya 1640 mwalimu Richard Hodges aliandika kwamba watu huandika “-eth” huku wakitamka “-s”. Biblia ya 1611 ilishikilia umbo la zamani, na hiyo ni sababu mojawapo ya kusikika kwake kuwa ya kale hata kwa wasomaji wake wa kwanza. Kitenzi “do” nacho kitakusumbua usipoonywa. Leo “he did eat” ni mkazo. Katika karne ya 16 mara nyingi ilikuwa “alikula” tu, bila nyongeza ya maana. Kinyume chake, ukanushi na maswali yaliweza kukosa “do” kabisa: “I know not”, “know you?” Usiweke mkazo ambao mwandishi hakuukusudia.

“Its” ilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 16 tu. Kabla yake “his” ilitumika kwa vitu pia, kwa hiyo chumvi iliyopoteza “his savour” katika Mathayo 5:13 haijafanywa mtu. Kiambishi chetu “-ake” hakibagui, na tafsiri yako itakwenda sawa bila taabu.

Yashuku maneno unayoyajua

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo itakayochukua muda wako mwingi. Andaa daftari, na kila neno la kawaida linalokaa vibaya katika sentensi, hata kidogo, liandike pamoja na mwaka wa matini. Baadhi nitayataja. “Meat” ni chakula cha aina yoyote. “Corn” ni nafaka. “Want” mara nyingi ni kukosa, si kutaka. “Suffer” ni kuruhusu pamoja na kuteseka. “Conversation” ni mwenendo wa mtu. “Presently” ni sasa hivi. “Careful” ni mwenye mahangaiko mengi. “Quick” ni aliye hai, na ndiyo maana wanatajwa “the quick and the dead”. “Wherefore” ni kwa nini, wala halina uhusiano na mahali. “Artificial” iliweza kuwa sifa njema, yaani kilichofanywa kwa ustadi.

Usitegemee orodha kama hii peke yake, kwa kuwa neno moja lilikuwa na maana ya zamani na mpya kwa wakati mmoja, na mwandishi mmoja aliweza kutumia zote mbili. “Let” ya kuzuia na “let” ya kuruhusu ni maneno mawili yaliyokuwa tofauti katika Kiingereza cha kale kabisa, kisha yakagongana katika umbo. Katika Warumi 1:13 ya 1611 Paulo anasema alikuwa “let hitherto”, yaani amezuiwa hadi sasa. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyochapishwa kwa sehemu kuanzia 1884 na kukamilika 1928, imepanga kila maana kwa mifano yenye miaka yake. Tafuta maana iliyokuwa hai katika mwaka wa matini yako, kisha ijaribu ndani ya sentensi. Kamusi za wakati ule zina faida tofauti. Robert Cawdrey alitoa yake mwaka 1604 ikiwa na maneno yapatayo 2,500, yote yakiwa ni maneno magumu, kwa hiyo hukuambia ni maneno gani yalionekana mageni kwa msomaji wa siku zile. Ile ya Samuel Johnson ya 1755 ni ya baadaye, lakini imejaa nukuu kutoka karne zilizotangulia.

Ugeni huo una historia yake. Matengenezo ya Kanisa yaliisukuma lugha ya watu hadi madhabahuni: Agano Jipya lililotafsiriwa na William Tyndale lilichapwa Worms, mji wa Ujerumani, mwaka 1526, na Kitabu cha Sala kikafuata mwaka 1549. Elimu ilichelewa zaidi. Thomas More aliandika Utopia kwa Kilatini mwaka 1516 nayo haikupata tafsiri ya Kiingereza iliyochapwa hadi 1551, na Isaac Newton aliandika Principia kwa Kilatini mwaka 1687, kisha Opticks kwa Kiingereza mwaka 1704. Lugha iliyobebeshwa majukumu hayo yote ilikosa istilahi, na wenye kalamu wakagawanyika kwa namna ambayo yeyote aliyefuatilia mijadala ya istilahi za Kiswahili ataitambua. Wengine walikopa Kilatini na Kigiriki kwa wingi. Mwandishi Thomas Wilson aliwakejeli mwaka 1553, na msomi John Cheke, katika barua ya 1557, alitaka lugha iandikwe safi bila kuchanganywa na mikopo. Alipotafsiri Mathayo aliunda “mooned” kwa mwenye kifafa, badala ya “lunatic”. Maneno ya Cheke yalikufa. Mengi ya mikopo yalikufa pia, na yaliyobaki hatuyaoni tena kuwa mikopo.

Mvutano huo unampa msomaji msaada. Mwandishi Thomas Elyot, katika kitabu chake cha 1531, alizoea kuweka neno jipya kando ya maelezo yake, kwa mfano “animate” kisha “give courage”. Unapokuta maneno mawili yameunganishwa kwa “or” au “and” na yanaonekana kurudia jambo moja, tumia lile unalolijua kulifungua lile lingine kabla ya kukimbilia kamusi.

Jaribu sasa kwa mstari mmoja, Zaburi 119:147 kama ilivyochapwa mwaka 1611: “I preuented the dawning of the morning, and cried.” Jicho linabadilisha u kuwa v. Sikio linatamka r zote na kusikia mdundo wa maombi. Kisha neno “prevented” linakataa kukaa, kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kuzuia alfajiri. Lifungue: kwa Kilatini ni “prae”, mbele, na “venire”, kuja. Mtunzi wa zaburi aliamka mapema kuliko mapambazuko, akayatangulia, akalia kwa Mungu gizani.